Barua ya wazi kuhusu video fupi za afya: anayeshauri asiwe ndiye mwenye duka

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya;
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA);
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA);
Wasajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Famasi, Baraza la Uuguzi na Ukunga, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

YAH: UBORA WA MAELEZO YA AFYA KWENYE VIDEO FUPI ZA MTANDAONI

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, barua hii inatoka kwa matabibu, wauguzi, wafamasia na wahariri wa video ambao kazi yetu ni kutengeneza na kukagua video za afya za Kiswahili, zile za sekunde 15 hadi 90. Tunaandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko hadharani. Liko kwenye simu ya kila aliyekaa kwenye benchi la zahanati akisubiri kuitwa.

Kwanza tuwaondoe wasiwasi. Hatuombi video hizi zifungiwe, wala hatusemi ubaya wake ni ufupi. Mama ambaye mtoto wake ameharisha mara nne tangu magharibi, na zahanati inafunguliwa asubuhi, hataenda kutafuta mwongozo wa kurasa mia. Ataandika "mtoto anaharisha" kwenye simu, na kabla dakika haijaisha atakuwa ameona watu watatu wanamweleza la kufanya. Mama huyo hajakosea hata kidogo. Tuliokosea ni sisi wenye dhamana, tuliomwacha na watu watatu asiojua ni akina nani wala wanauza nini.

Tubaki kwenye kuharisha, maana hapo ndipo unapoona jinsi kosa dogo la picha linavyofika mpaka kwenye ubongo wa mtoto. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ikiwepo, itumike hiyo. Isipokuwepo, mchanganyiko wa nyumbani ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi na salama. Vijiko visawazishwe kwa mgongo wa kisu, visiwe na kilima. Maneno hayo yanasemeka kwa sekunde 15. Sasa tazameni yanavyoharibika. Msemaji anataja "kijiko" tu, na mkononi ameshika kijiko cha chakula. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5, cha chakula mililita 15. Nusu kijiko cha chai cha chumvi ni kama gramu 3. Nusu kijiko cha chakula ni kama gramu 9. Gramu 9 kwa lita ndiyo chumvi iliyomo kwenye dripu ya maji ya chumvi, na sodiamu yake ni mara mbili ya ile ya ORS ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2002. Mtoto aliyekwisha kukaukiwa akinyweshwa maji hayo, sodiamu inapanda kwenye damu, maji yanavutwa kutoka kwenye seli za ubongo, na degedege linaweza kufuata. Sukari nayo ikizidi huvuta maji kuingia kwenye utumbo, kuharisha kunaongezeka, na hapo ndipo jirani anaposema ORS imemzidishia mtoto ugonjwa.

Halafu kuna "chupa". "Weka kwenye chupa ya maji," anasema msemaji. Chupa ipi? Dukani zipo za nusu lita, za lita moja na za lita moja na nusu. Pakiti zenyewe pia hazifanani: Afrika Mashariki zipo za kuchanganywa na lita moja na zipo za nusu lita, na video haisimami Namanga kugongewa muhuri. Iliyorekodiwa Nairobi inaangaliwa Mbeya na Bujumbura usiku huohuo. Mtayarishaji makini huinua pakiti mbele ya kamera, akaweka kidole penye ujazo ulioandikwa, akasema "soma hapa kwanza". Ni sekunde tatu tu, lakini katika video tunazokagua ni wachache mno wanaozitumia.

Na hata aliyepatia mchanganyiko mara nyingi huishia hapo. Hasemi mtoto anywe kiasi gani: baada ya kila choo cha maji, aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka miwili hadi kumi apewe 100 hadi 200, kidogokidogo kwa kijiko au kikombe, akitapika, subiri dakika kumi uanze tena taratibu zaidi. Hasemi kwamba kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Hataji zinki, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14 hata kuharisha kukikoma. Zaidi ya yote hasemi lini uache kuchanganya na ukimbie kituoni: choo kina damu, mtoto hanywi, anatapika kila anachopewa, amelegea, macho yamezama.

Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu halina mfanyabiashara ndani yake. Wengi wanaorekodi video ya ORS wana nia njema kabisa. Nia njema bila kipimo cha kijiko bado inaumiza.

Video fupi ikitumiwa panapostahili, hakuna karatasi inayoifikia. Mfano ni kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Mzazi hawezi kujifunza kwa kusoma kwamba kifua "kinabonyea"; lazima akione. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Nguo ipandishwe mpaka tumbo na kifua vionekane. Hesabu kwa dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, maana mtoto mchanga hupumua kwa vipindi, mara haraka mara taratibu. Aliye chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi miwili hadi 11 akifika 50, wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano akifika 40, anapumua haraka kuliko inavyotakiwa na apelekwe kituoni. Sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani kila anapovuta hewa, aende saa hiyohiyo. Video ya sekunde 60 ni dakika kamili: mzazi anaweza kuiweka pembeni ya mtoto wake, saa ya kwenye kioo ikihesabu, naye akihesabu. Tungekuwa na video moja tu ya Serikali ya namna hiyo, yenye sauti nzuri na picha safi, ingekuwa imefanya kazi ambayo mabango ya ukutani hayajaweza. Tena ingesaidia kuwanyamazisha wanaomwambia mama kwamba kikohozi cha mtoto ni kimeo, kikatwe, au homa ni "meno ya plastiki", yang'olewe.

Sasa tuje kwenye video inayotusumbua kuliko zote: ile ya "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yanayodaiwa kutosikia dawa. Tumeiona kwa sura nyingi, lakini mifupa yake ni ileile.

Sekunde tatu za kwanza ni hofu. "Mwanamke, ukiwa na dalili hizi saba, kizazi chako kiko hatarini." Mfumo unaochagua video za kuonyesha watu hupima kama mtazamaji amebaki au amepitisha, na hofu humfanya abaki. Kuanzia hapo hadi sekunde ya 25 zinatajwa dalili kama hizi: kuchoka, kiuno kuuma, kichwa kuuma, tumbo kujaa gesi, kukosa hamu ya tendo, mkojo wa njano. Nani kati yetu hana hata mbili katika hizo jioni ya siku ya kazi? Kisha inakuja sehemu yenye ujanja kuliko zote: "Umeenda hospitali, wamekupa dawa, imerudi tena." Mtazamaji anatikisa kichwa kukubali. Sekunde tano za mwisho: "Andika neno TIBA hapo chini nikusaidie."

Angalieni kilichokosekana. Hakuna jina la dawa, hakuna bei, hakuna namba ya usajili. Vyote hivyo vinakuja baadaye WhatsApp, kwenye mazungumzo ya watu wawili ambako hakuna mkaguzi wala mfamasia anayeona. Afisa akiikagua video yenyewe ataona mtu anayetoa elimu ya afya. Kosa linatendeka inboksi. Kwa hiyo ukaguzi unaosubiri kuona chupa ya dawa kwenye kioo utasubiri sana.

Tuseme na ukweli wa kitabibu, kwa sababu hapa sisi wa vituoni tuna sehemu yetu ya lawama. Dalili zenye uzito za maambukizi ya njia ya mkojo ni chache: kuungua wakati wa kukojoa, kubanwa mkojo mara kwa mara na kwa ghafla, maumivu chini ya kitovu. Homa pamoja na maumivu ya ubavuni vinaashiria figo. Huyo aonwe siku hiyohiyo. Kuwashwa na kutokwa uchafu ukeni mara nyingi ni tatizo jingine, na dawa ya UTI haitaligusa. Maambukizi huitwa ya kujirudia yakitokea mara mbili ndani ya miezi sita au mara tatu ndani ya mwaka, na hapo mkojo unapaswa kuoteshwa maabara ili ijulikane ni kijidudu gani na kinasikia dawa ipi. Sasa fikirieni mwanamke aliyepewa kikopo bila kuelekezwa. Hakuambiwa ajisafishe kwanza, aache mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati, afunge mfuniko na kuukabidhi mapema, usikae zaidi ya saa mbili kwenye joto. Mkojo umechanganyika na majimaji ya ukeni, darubini inaonyesha seli za usaha, jibu linaandikwa UTI, dozi inatolewa. Dalili hazipungui, kwa sababu tatizo halikuwa hilo. Anarudi, anapewa antibiotiki nyingine. Mara ya tatu akifungua simu na kukutana na neno "sugu", linamkuta ameshaandaliwa. Muuzaji wa mtandaoni anavuna pale tulipokosa sekunde 30 za kuelekeza matumizi ya kikopo.

Na anachouziwa? Wengine huambiwa waweke punje ya kitunguu swaumu ukeni, kitu kinachounguza ngozi laini. Wengine hupewa unga usio na jina, au mchanganyiko wa antibiotiki uliopimwa kwa kijiko.

Biashara nyingine zinafuata mifupa hiyohiyo, tutazipitia haraka. Bidhaa za "asili" za nguvu za kiume zimekutwa katika nchi nyingi zimechanganywa kimyakimya na sildenafili, kiambato cha Viagra; mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akizimeza, presha inaweza kushuka kwa kiasi cha kuua. Isitoshe, kupungua kwa nguvu hizo huweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari au mishipa iliyoharibika, na mwenye tatizo anakosa kupimwa kwa sababu amekwisha kupata jibu kwenye simu. Vidonge vya kunenepa na kuongeza makalio mara nyingi ni siproheptadini (dawa ya mzio) au deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi). Deksamethasoni ikitumika kwa wiki kadhaa huzilaza tezi zilizo juu ya figo, hivyo anayeikatisha ghafla anaweza kuanguka, na akiendelea nayo inampandisha sukari na presha. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayeambiwa na video aache insulini anywe maji ya bamia anaweza kufika hospitali na asidi kwenye damu ndani ya siku chache. Hili la insulini tungeomba lishughulikiwe kabla ya mengine yote.

Hatusemi haya kuwapiga vita waganga wa tiba asili. Wana sheria yao ya mwaka 2002 na Baraza lao, na wapo wanaoheshimu mipaka ya kazi yao kuliko baadhi ya waliovaa koti jeupe. Wapo matabibu waliosajiliwa ambao ukurasa wao ni duka la virutubisho, na kila ugonjwa wanaoueleza unaishia kwenye kopo lilelile.

Kuhusu namna ya kupima ubora, watafiti wengi wa video za afya duniani hutumia dodoso liitwalo DISCERN, lililotoka Uingereza mwaka 1999, lenye maswali 16 yanayopewa alama 1 hadi 5. Linauliza mambo mazuri: je, lengo liko wazi, chanzo kimetajwa, kuna tarehe, faida na madhara ya tiba vimeelezwa, tiba nyingine zimetajwa. Tunalitumia, lakini tunawatahadharisha msilichukue kama lilivyo. Lilitungwa kwa ajili ya vipeperushi vya maandishi kuhusu tiba, na halipimi kama kilichosemwa ni kweli. Mtu anaweza kutaja chanzo, tarehe na madhara, akapata alama nzuri, huku kijiko alichoshika ni cha chakula. Kwa video fupi sisi tunauliza matano: Msemaji ni nani na namba yake ya usajili ni ipi? Kila kipimo kimeonyeshwa kwa chombo halisi? Dalili ya kukimbilia kituoni imetajwa ndani ya nusu ya kwanza? Kuna tarehe kwenye picha? Anayezungumza anapata fedha mtazamaji akimfuata? Swali la tano ndilo linaloyabeba mengine, na ndilo msingi wa ombi letu kubwa.

Tunaomba itungwe kanuni moja fupi: video inayotaja dalili za ugonjwa isiwe na mauzo. Isiwe na namba ya WhatsApp ya muuzaji, isiwe na "andika neno fulani", isiwe na kiungo cha dukani, na hivyo vyote visiwe kwenye maelezo ya chini wala kwenye komenti ya kwanza iliyobandikwa juu. Mwenye bidhaa iliyosajiliwa na yenye kibali cha kutangazwa aitangaze kwa namba ya kibali ikionekana, bila kuorodhesha dalili. Ushauri uende upande wake na biashara upande wake. Kanuni ya namna hii ina nguvu kwa sababu haihitaji afisa wa mawasiliano kujua tiba ili aisimamie. Anachoangalia ni kama dalili na namba ya mauzo viko mahali pamoja. Ufaransa ilitunga sheria ya washawishi wa mtandaoni Juni 2023, ikapiga marufuku, pamoja na mengine, kutangaza upasuaji wa urembo na kushawishi watu waache tiba. Kwetu pa kuanzia papo tayari, kwani zipo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 na ipo sheria ya dawa na vifaa tiba. Kinachohitajika ni kuziunganisha kwa aya moja.

Namba ya usajili kwenye kioo lazima iwekwe mahali inapoonekana. Hili linaonekana dogo, ila wanaohariri video wanalijua. Video ya simu iliyosimama ina ukubwa wa pikseli 1080 kwa 1920. Upande wa kulia unafunikwa na alama za moyo na komenti, na chini panafunikwa na jina la akaunti na maelezo. Namba ikiwekwa chini, haipo. Iwekwe juu kushoto, chini kidogo ya ukingo, herufi nene zenye kivuli, na ibaki hapo mwanzo hadi mwisho. Ichomwe kwenye picha yenyewe, isiandikwe kwenye maelezo, kwa sababu video ikipakuliwa na kupandishwa status, maelezo yanabaki nyuma na komenti zote za kusahihisha zinabaki nyuma. Kinachosafiri ni picha na sauti tu. Tarehe nayo ichomwe, maana ushauri hubadilika na video haizeeki usoni. Na namba hiyo iwe inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi wa kawaida, hata kwa simu ya kitochi isiyo na bando: tuma namba, upokee jina, taaluma na kama leseni iko hai. Bila hivyo, yeyote ataandika tarakimu anazotaka na kujiita Dokta.

Kwa Wizara, ombi letu ni maktaba ya video fupi zilizo huru kunakiliwa. Akaunti za umma zimejaa picha za ufunguzi wa semina, na mama wa usiku ule hakutani na chochote cha kumsaidia. Zichaguliwe kazi zinazohitaji macho. Kuchanganya ORS. Kuhesabu pumzi. Kukinga mkojo wa katikati. Kupima presha: kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo, mkanda uko kwenye ngozi na si juu ya shati, pima mara mbili. Kuungua moto: maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, saa ikionekana pembeni kwa sababu watu huacha baada ya dakika moja, siyo dawa ya meno, yai, unga wala mafuta, vitu vinavyoficha kina cha jeraha na kuleta maambukizi. Kumeza dawa mseto ya malaria (ALu): kwa mtu mzima wa kilo 35 na zaidi vidonge vinne kila mara, mara sita, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, na baada ya kipimo kuonyesha malaria. Maneno "saa nane" yaandikwe "baada ya masaa 8" na saa ya ukutani ionyeshwe ikizunguka, maana kwa Kiswahili saa nane pia ni saa ya mchana au ya usiku, na tumeona video zikichanganya watu hapo hapo.

Kila faili isizidi megabaiti 5 ili bando dogo liibebe. Isiwe na muziki, maana muziki huzima tarakimu masikioni. Maandishi makubwa yawepo kwa wanaotazama bila sauti kwenye daladala, na mkalimani wa lugha ya alama kwa viziwi. Namba 199 ya Wizara, isiyo na malipo, ionekane. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wawe wa kwanza kutumiwa, kwa kuwa simu zao ndizo zinazosambaza video mtaani.

Uvumi ukizuka, jibu lenu litoke ndani ya saa 48, na lianze na ukweli. Msianze kwa kuurudia uongo. Mtaalamu anayefungua kwa kusema "inasemekana majani fulani yanatibu kisukari" amekwisha kumpa mtu sekunde kumi za kukata: kesho kutwa kipande hicho kitazunguka peke yake, koti jeupe na nembo ya Taifa vikionekana nyuma. Sentensi ya kwanza iwe ile ambayo hata ikikatwa na kubaki yenyewe haitamdhuru mtu. Sura na sauti za wataalamu zinazotengenezwa kwa akili bandia zinalifanya hili kuwa la haraka zaidi, hivyo kila jibu liwekwe pia kwenye ukurasa rasmi unaojulikana, ili anayetilia shaka awe na mahali pa kulinganisha.

Kwa TCRA, tunaomba mzungumze na kampuni zenye majukwaa haya kuhusu wakaguzi wanaokijua Kiswahili cha mtaani. Wauzaji huandika neno dawa kwa kuchomeka namba na alama katikati ya herufi, na mashine isiyojua lugha haioni kitu. Bila mtu anayeelewa "kubana", "kusafisha kizazi" au "dozi ya mwezi", malalamiko ya Watanzania yataendelea kujibiwa kwamba video haijavunja mwongozo wowote.

Tuko tayari kukabidhi bila malipo maandishi kamili ya video tatu za kwanza, yaani ORS, kuhesabu pumzi na kukinga mkojo, pamoja na orodha ya picha za kuchukua na mahali pa kuweka maandishi kwenye kioo. Mkitaka tukae meza moja na wakaguzi wenu kupitia video kwa sekunde, tutakuja.

Lakini kabla ya hayo yote tunaomba jibu la swali moja. Video ile ya "UTI sugu" ina dawa, kwa hiyo inaigusa TMDA. Ina anayejiita daktari, inaligusa Baraza la Madaktari. Ina mitishamba, inaligusa Baraza la Tiba Asili. Iko mtandaoni, inaigusa TCRA. Mwananchi akikutana nayo leo jioni, aitume kwa nani kati yenu, kwa namba gani, na atajibiwa baada ya siku ngapi?

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Matabibu, wauguzi, wafamasia na wahariri wa video za afya kwa Kiswahili,
Dar es Salaam.